Kolkata: Mji ambao matokeo ya dabi unayakuta sokoni

UKITAKA kujua nani kashinda dabi ya Kolkata, huna haja ya kusubiri taarifa ya habari. Amka asubuhi, beba kikapu, nenda soko la samaki. Ukikuta watu wamejazana kwenye meza ya ilish, samaki mwenye mafuta mengi na miiba isiyohesabika, jua East Bengal wameshinda. Ukikuta wanagombea kambamiti, basi Mohun Bagan ndio waliolala wakicheka.

Bei nayo inapanda papo hapo. Muuza samaki ana timu yake moyoni, lakini siku hiyo anamhudumia mshindi na hela yake anaipokea bila kinyongo. Aliyefungwa anapita pembeni, ananunua dengu, anarudi nyumbani kimyakimya. Balaa lipo kwenye zile nyumba ambazo mume ni wa huku na mke ni wa kule. Hapo jikoni ndiko dabi inakochezwa dakika za nyongeza.

Msomaji aliyekulia kwenye utani wa Simba na Yanga hahitaji mkalimani kwa mambo haya. Lakini dabi ya Kolkata ina jambo jingine ambalo wadau wa soka wa hapa kwetu wanapaswa kulitazama kwa makini. Kule mpira haukai uwanjani ukisubiri Jumamosi. Umo kwenye chakula, kwenye chai, kwenye tramu na kwenye baraza za nyumba. Na kwa sababu umo katika maisha ya kila siku, watu wa mji huo wamejifunza kutaniana miaka mia moja bila kuacha kuwa majirani.

KIKAPU CHA MKIMBIZI

Kolkata ni mji mkuu wa jimbo la West Bengal, mashariki mwa India, kando ya Mto Hooghly. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 14 katika jiji na vitongoji vyake. Katika nchi ambayo kriketi ndiyo mfalme, huu ni mji ambao soka halijawahi kukubali kukaa benchi.

Mohun Bagan ndio wakubwa kwa umri. Walianzishwa mwaka 1889, na Julai 29, 1911 waliandika historia kwa kuichapa East Yorkshire Regiment, timu ya wanajeshi wa Kiingereza, mabao 2-1 katika fainali ya IFA Shield. Wachezaji 10 kati ya 11 wa Mohun Bagan walicheza pekupeku, wakikabiliana na watu waliovaa viatu. Wazee wa mji husimulia kwamba tiara zilirushwa hewani siku hiyo ili waliokaa nyuma ya nyomi wajue matokeo. Kwa watu waliokuwa chini ya mkoloni, ule haukuwa mpira tu.

East Bengal walizaliwa Agosti 1, 1920, na walizaliwa kwa hasira. Siku chache kabla, klabu ya Jorabagan ilimwacha nje mchezaji wake Sailesh Bose katika mechi dhidi ya Mohun Bagan. Bosi mmoja wa klabu hiyo, Suresh Chandra Chaudhuri, hakuridhika na sababu alizopewa. Inaaminika kosa la Bose lilikuwa kutokea upande wa mashariki wa Bengal. Chaudhuri akajiondoa, akaungana na wenzake, wakaunda timu na kuipa jina la kwao. Ligi iliwakutanisha na Mohun Bagan kwa mara ya kwanza mwaka 1925.

Mpaka hapo huo ulikuwa utani wa wenyeji, wanaoitwa Ghoti, na wa kuja kutoka mashariki, wanaoitwa Bangal. Mambo yalibadilika mwaka 1947. Uhuru wa India ulikuja pamoja na mgawanyo wa nchi, na Bengal ikakatwa vipande viwili. Mashariki ikawa sehemu ya Pakistan, ambayo tangu 1971 tunaiita Bangladesh. Watu wakahama kwa mamilioni. Waliofika Kolkata walilala kwenye majukwaa ya kituo cha treni cha Sealdah, kisha wakajisogeza kusini mwa mji, maeneo kama Jadavpur, wakajenga vibanda kwenye ardhi ambayo hawakuwa na hati nayo.

Mtu huyo alikuwa ameacha nyumba, bwawa la samaki na miti yake ya maembe upande wa pili wa mpaka. Lafudhi yake ilichekwa sokoni. Kazi hakuna. Lakini mjini hapo kulikuwa na timu yenye jina la kwao, jezi nyekundu na njano, na timu hiyo ilikuwa inawafunga wenyeji. Kama hukuwahi kuelewa kwa nini mtu mzima analia kwa ajili ya klabu, anzia hapo.

Ndiyo maana samaki wao ni ilish. Yule anayesifiwa kuliko wote ni wa Mto Padma, mto uliobaki Bangladesh. Kambamiti wakawa ishara ya wenyeji wa magharibi, watu wa Mohun Bagan, wenye jezi ya kijani na damu ya mzee. Kila upande ukawa unashangilia na kula kwao kwa wakati mmoja.

KIWANJA KISICHOUZWA

Katikati ya mji huu uliobanana kuna jambo ambalo mgeni haliamini mpaka alione. Ni uwanja wa majani wa karibu hekta 400, unaitwa Maidan. Hakuna ukuta wala kiingilio.

Uliachwa wazi kwa sababu za kivita. Baada ya mapigano ya Plassey ya mwaka 1757, Waingereza walijenga ngome mpya ya Fort William na kufyeka pori lote lililoizunguka, ili mizinga ipate nafasi ya kupiga. Mizinga ikanyamaza, majani yakabaki. Mpaka leo ardhi hiyo iko mikononi mwa jeshi la India, na jeshi haliruhusu mtu kujipandishia ghorofa. Ndiyo maana makao ya klabu zilizopo hapo, hata zile kongwe, yanaitwa "hema" mpaka leo.

Alfajiri Maidan ni ya wazee. Wanatembea kwa mwendo wa taratibu, wengine wananyoosha viungo, wengine wamekuja kubishana tu. Mbuzi na kondoo wanachungwa pembeni, na farasi nao wapo. Jua likipungua makali, vijana wanatoka kazini na shuleni, wanaweka mawe mawili kuwa goli, chandimu inaanza. Unaweza kuhesabu mechi kumi zinazoendelea kwa wakati mmoja, na mpira wa huku ukaingia kwa wale wa kule bila mtu kugomba.

Wakati wa baridi wengi wanashika gongo la kriketi. Mvua za Juni mpaka Septemba zikishuka, Maidan inakuwa tope tupu na hapo soka ndilo linatawala. Ni msimu huohuo ambao ilish wanapatikana kwa wingi, na ndio msimu ambao ligi ya mji, iliyoanza mwaka 1898, imezoea kuchezwa. Timu kubwa zina majukwaa yao hapohapo Maidan. Ukimaliza kutazama mazoezi unaingia kantini ya klabu kupata mkate wa kuchoma na bakuli la supu nyepesi ya nyama na mboga. Mtu wa kipato cha chini anaweza kumaliza siku nzima ya mapumziko hapo na mfuko usijue.

Mdau wa hapa kwetu anayekumbuka ni viwanja vingapi vya mtaani vimegeuka fremu za maduka atanielewa. Vipaji vinaanza pale ambapo mtoto wa masikini anaweza kupiga mpira bila kulipa. Kolkata iliokolewa na mizinga ya mkoloni na ukali wa wanajeshi. Sisi tutaokolewa na nani, hilo ni swali la kuwauliza wenye dhamana.

KIJIWE KINAITWA ADDA

Ukimuuliza mkazi wa Kolkata starehe yake kubwa ni nini, usitegemee atataja ufukwe au klabu ya usiku. Atakwambia adda. Ni kijiwe, lakini kijiwe kilichopewa heshima. Watu wanakaa barazani au kwenye benchi la muuza chai, wanapiga stori kuanzia siasa, filamu, mashairi, mpaka kwa nini kocha alimtoa winga dakika ya 60. Hakuna ajenda wala mwenyekiti, na anayetaka kuondoka mapema anaonekana ana lake jambo.

Chai inakuja kwenye vikombe vidogo vya udongo, ukimaliza unakitupa. Pembeni kuna jamaa anauza bisi za mchele. Anazichanganya na kitunguu, pilipili mbichi na mafuta ya haradali, anazitikisa kwenye kopo na kukufungia kwenye karatasi.

Kila mtaa una klabu yake. Sio timu ya ligi, ni chumba kimoja chenye televisheni, ubao wa keram na viti vya plastiki. Vijana wa klabu hiyo ndio wanaosimamia sherehe za Durga Puja kila mwaka, ndio wanaopanga siku ya kuchangia damu, na ndio wanaoandaa bonanza la soka la mtaa. Shabiki wa East Bengal na wa Mohun Bagan wanakaa chumba kimoja, wanacheza keram pamoja na kuzodoana mpaka usiku. Kesho jirani akiugua, wanambeba wote wawili.

Vitu vingine vinaondoka. Tramu zilianza kutembea Kolkata mwaka 1873, na kwa vizazi vingi shabiki alikwenda uwanjani akiwa amening'inia mlangoni. Septemba 2024 serikali ya jimbo ilitangaza kuzisitisha, ikibakiza njia moja inayokatiza Maidan kwa ajili ya kumbukumbu. Treni za chini ya ardhi, ambazo Kolkata ilikuwa ya kwanza India kuwa nazo mwaka 1984, sasa zinapita hadi chini ya Mto Hooghly na zina kituo chenye jina la Salt Lake Stadium, uwanja mkubwa ambako dabi inachezwa siku hizi. Safari imekuwa fupi. Wazee wanasema stori za njiani nazo zimekuwa fupi.

KUTOKA KENYA, UGANDA NA NIGERIA

Mji huu unawajua Waafrika kupitia mpira. Chima Okorie, Mnigeria aliyekwenda India kama mwanafunzi miaka ya 1980, alichezea klabu zote tatu kubwa: East Bengal, Mohun Bagan na Mohammedan Sporting, timu iliyotwaa ligi ya mji mara tano mfululizo kuanzia 1934 hadi 1938. Mshambuliaji huyo aliogopwa na kila beki.

Afrika Mashariki nayo imo. Julai 13, 1997, nusu fainali ya Federation Cup iliwakutanisha watani hao Salt Lake. Mashabiki zaidi ya 131,000 waliingia uwanjani, idadi ambayo haijawahi kufikiwa tena katika mechi yoyote ya India. Siku chache kabla, kocha wa Mohun Bagan, Amal Dutta, alikuwa na midomo kweli. Straika wa East Bengal, Bhaichung Bhutia, alimwita "Chung Chung." Beki Mkenya Sammy Omollo, yule ambaye nyumbani wanamwita Pamzo, akamgeuza "Omlet," yaani mayai ya kukaanga.

Siku ya mechi Chung Chung alipiga hat-trick. East Bengal wakashinda 4-1, bao pekee la Mohun Bagan likifungwa na Chima. Mayai ya kukaanga yakawaka jikoni kwa Dutta.

Na mashabiki wa Yanga wanaye wao wa kumhusisha na mji huo. Khalid Aucho, kiungo Mganda aliyetua Jangwani mwaka 2021, aliivaa jezi ya East Bengal mwaka 2018. Alipofika Dar es Salaam, presha ya dabi haikuwa kitu kigeni kwake.

Lakini sio kila Mwafrika aliyefika kule alipata jina. Kuna soka linaloitwa khep, ambalo sisi tungeliita ndondo. Waandaaji wa mashindano ya vijijini wanakodi wachezaji kwa mechi moja, wanawalipa mkononi, kesho wanacheza kwa wapinzani. Ni mamluki kwa maana ile tunayoijua mtaani. Waafrika ni wengi huko. Baadhi yao walikwenda India na ndoto ya kucheza timu kubwa, wakajikuta wanaishi kwa posho ya siku, na mguu ukivunjika hakuna klabu ya kudai matibabu. Kijana anayeahidiwa neema na wakala asiye na ofisi ayajue na hayo.

SIKU UTANI ULIPOUA

Tusidanganyane kwamba Kolkata ni peponi. Septemba 30, 1975, East Bengal waliwafunga Mohun Bagan 5-0 katika fainali ya IFA Shield, na shabiki mmoja wa Mohun Bagan alijiua kwa kushindwa kuubeba ule mkono. 

Kisha ikaja Agosti 16, 1980. Uwanja ulikuwa Eden Gardens, pembeni mwa Maidan. Mashabiki wa pande mbili walianza kupigana jukwaani, watu wakakimbia, wakakanyagana. Waliokufa walikuwa 16. Walitoka nyumbani kwenda kuangalia mpira.

Mji ulifanya nini? Haukuifuta dabi. Tarehe 16 Agosti ikageuzwa siku ya kuwakumbuka, na kila mwaka wapenzi wa soka wanachangia damu siku hiyo. Ukiwa umelala kwenye kitanda cha kutolea damu, hakuna anayeuliza inakwenda kwa shabiki wa timu gani.

KLABU NI YA NANI?

Vita ya miaka ya karibuni imekuwa ya pesa. Mwaka 2020 klabu hizo mbili ziliingia Ligi Kuu ya India (ISL), na kuingia huko kulihitaji mabosi wenye mifuko mizito. Mohun Bagan waliunganishwa na timu ya ATK na jina likawa ATK Mohun Bagan. Mashabiki hawakuzitaka zile herufi tatu za mbele. Walibeba mabango, wakaandamana, wakapiga kelele hata timu iliposhinda. Mwaka 2023 jina la ATK liliondolewa na klabu ikawa Mohun Bagan Super Giant. Upande wa East Bengal nao wamekuwa na mivutano yao na wawekezaji, hadi mashabiki kuingia barabarani.

Hapa Tanzania, ambako mjadala wa wanachama na wawekezaji umekuwa chakula cha kila siku, somo ni moja. Mwekezaji ananunua hisa. Kilichojengwa na kikapu cha mkimbizi na miguu ya watu pekupeku hakimo kwenye mkataba.

AGOSTI 18, 2024

Agosti 9, 2024, daktari kijana wa kike aliyekuwa mafunzoni alibakwa na kuuawa ndani ya hospitali ya umma mjini Kolkata. Mji ulichafuka. Wanawake walitoka usiku kwa maelfu kudai haki na usalama.

Dabi ya Durand Cup, mashindano yaliyoanza mwaka 1888, ilikuwa imepangwa Agosti 18 uwanja wa Salt Lake. Ikafutwa kwa maelezo ya upungufu wa ulinzi. Jioni ile mashabiki walikwenda uwanjani hivyohivyo. Nyekundu na njano walikuja. Kijani na damu ya mzee walikuja. Wa Mohammedan Sporting, wenye nyeusi na nyeupe yao, nao wakaja. Milango ya uwanja ilikuwa imefungwa, wakasimama barabarani kwenye mvua wakidai haki ya daktari yule. Nahodha wa Mohun Bagan, Subhasish Bose, alifika na kusimama nao. Polisi walitumia virungu, lakini picha iliyozunguka ilikuwa ya shabiki wa timu moja akiwa amebebwa mabegani na shabiki wa timu nyingine.

Watu waliozodoana kwa miaka mia moja walijua namna ya kukutana bila kualikwa. Hawakuanza kufahamiana siku ile. Walikuwa wameshakunywa chai pamoja, wamecheza keram pamoja, wamecheza chandimu kwenye majani yaleyale ya Maidan. Ndiyo maana jambo zito lilipotokea, hakuna aliyehitaji kiongozi wa kumwambia jirani yake ni nani.

Oktoba 19 mwaka huohuo timu zikakutana kwenye ISL, Mohun Bagan wakashinda 2-0. Tambo zikarudi palepale zilipoishia. Waliosimama bega kwa bega mwezi Agosti walikandiana mpaka usiku wa manane, na hakuna aliyeona ajabu.

Huku kwetu tunapenda kusema utani wa jadi, halafu tunamvunjia mtu kioo cha gari kwa sababu ya bendera. Utani ni wa watu wanaoishi pamoja. Kama tunakutana tu siku ya mechi, tena kila mmoja na geti lake, tutafute neno jingine la kuuita.